Kukadiria nguvu na protini ya kuku wa mayai: jedwali, fomula au kompyuta?

Mwezi wa saba mwaka jana shemeji yangu wa Makambako kanipigia simu usiku, sauti ya mtu aliyeshaamua. "Shemeji, huyu kijana namfukuza kesho, ananiibia chakula." Nikamuuliza umejuaje. Akasema we una kuku 300 na mi nina 300, mbegu moja, vifaranga tulichukua siku moja, chakula tunachanganya kwa karatasi ileile uliyonipa, mayai wote tunaokota trei tisa na chenji, sa mbona we unamaliza kilo 34 kwa siku na mi naelekea 38? Kwa mwezi hizo ni gunia mbili nzima za kilo 50, zinakwenda wapi kama sio kwa kijana?

Nikamwambia mpe wiki moja tu, alafu kanunue themomita uitundike bandani, kimo cha kuku sio juu darini. Akanicheka. Nitamrudia shemeji huko mbele.

Watu kila siku wanaulizana kuku wa mayai anataka protini asilimia ngapi, na kila mtu anajibu namba yake, huyu 16, yule 17, mwingine 18 na anaapa kabisa, wakati swali lenyewe ndo limekaa vibaya. Kuku hali asilimia. Kuku anataka gramu kadhaa za protini na kilokalori kadhaa za nguvu kwa siku, basi, asilimia ni namna tu ya kuzipanga hizo gramu ndani ya kile atakachokula, akila kidogo lazima asilimia ipande, akila sana inashuka. Njia za kukadiria ninazozijua ni tatu na zote nimezipitia, moja imeniuma, na kila moja ina mtu wake.

NJIA YA KWANZA: JEDWALI

Hii ndo ya wengi. Unachukua namba ya kitabuni au ya nyuma ya mfuko, chakula cha kutagia protini 16 au 17, nguvu kilokalori 2,700 mpaka 2,800 kwa kilo, unanunua au unachanganya hivo hivo, umemaliza. Haina hesabu, hata mtu aliyeanza jana anaweza.

Shida yake sio kwamba namba ni za uongo. Namba nyingi zinazozunguka zina asili yake, mfano kile kitabu cha NRC (baraza la taifa la utafiti la Marekani) cha mwaka 1994 ambacho watu wa lishe ya kuku bado wanakirudia mpaka leo. Mle kuku wa yai jeupe kaandikiwa gramu 15 za protini kwa siku, na pembeni wamekuwekea kabisa kwamba akila gramu 80 za chakula basi chakula kiwe na asilimia 18.8, akila 100 kiwe na 15, akila 120 kiwe na 12.5. Umeona hapo? Kitabu hakijawahi kusema asilimia ileile kwa kila kuku, kimesema gramu 15, sisi ndo tumenakili safu ya katikati tukaacha maelezo. Hawa wetu wa yai la kahawia kawapa gramu 16.5, akihesabu anakula 110. Kuku wa sasa hivi wanataga kuliko wa mwaka 94, kwahiyo mi nahesabu 17.5 ili nilale usingizi.

Jedwali linafaa pale ambapo kuku wako wanafanana na kuku wa jedwali: uzito ule, joto la kati, ulaji wa kawaida. Ukitoka hapo linakuacha njiani bila kukuambia. Na mfuko nao, duh. Kuna duka nilinunua chakula miezi miwili mfululizo, kimeandikwa 17, mayai yakaanza kupungua ukubwa, kwanza nikadhani maji, nikadhani minyoo, mwisho nikafunga nusu kilo nikapeleka maabara, jibu likaja 13 na pointi. Alafu ujue hata maabara kile kipimo cha kawaida cha protini hakipimi protini yenyewe, kinapima naitrojeni alafu wanazidisha kwa 6.25, kwahiyo mjanja akitia urea kwenye chakula namba itasoma vizuri na kuku hapati kitu.

NJIA YA PILI: MIZANI NA FOMULA

Hapa unaanza na kuku wako mwenyewe. Fomula ya nguvu ipo kwenye kitabu hichohicho cha NRC, mi nimeiandika kwa maka ukutani stoo:

nguvu kwa siku = uzito wa kuku kwa kipeo 0.75 × (173 − 1.95 × joto) + 5.5 × gramu anazoongezeka + 2.07 × gramu za yai

Usiogope. Uzito ni kilo, joto ni la bandani, gramu anazoongezeka ni kwa siku, kuku mkubwa aliyetulia unaweka sifuri. Gramu za yai ndo watu wanakosea, sio uzito wa yai moja, ni yai la wastani kwa kila kuku kwa siku. Mfano wangu: kuku 300, mayai 273, yani asilimia 91. Trei moja ukitoa uzito wa trei tupu inasoma kilo 1.8, yai moja gramu 60. Chukua 60 mara 0.91 unapata kama 55.

Hiyo kipeo 0.75 simu ndogo haina, ila kuna ujanja. Andika 1.9, bonyeza kipeuo cha pili unapata 1.378, andika pembeni. Bonyeza tena kipeuo unapata 1.174. Zidisha hizo mbili, 1.618. Ndo hiyo hiyo.

Sasa weka joto. Banda langu Chanika, Dar, mwezi wa saba wastani wa usiku na mchana ilikua 26. Kwahiyo 173 toa 50.7 inabaki 122.3, mara 1.618 ni 198, jumlisha yai 114, jumla kama kilokalori 312. Chakula chetu kina 2,730 kwa kilo, 312 gawa kwa hiyo unapata gramu 114 kwa kuku, mara 300 ni kilo 34 na kidogo.

Shemeji akatuma picha za themomita asubuhi, mchana na usiku wiki nzima, wastani 16. Usiku ilikua inasoma namba ambayo mi mtu wa pwani ningelala na koti. Weka 16 pale kwenye joto: nguvu inapanda mpaka 343, gramu 126 kwa kuku, kilo 37.7 kwa siku. Nikampigia, "Shemeji, mwizi wako ni baridi." Akakaa kimya kama dakika hivi alafu akauliza kama naweza kumwandikia hiyo hesabu kwenye karatasi, sijui alitaka kumuonyesha kijana au mkewe.

Kinachofanya hii hesabu ikubali ni kwamba kuku wa mayai anakula mpaka nguvu yake itimie, kwa kiasi kikubwa hivo ndo alivyo. Chakula kikiwa chepesi anaongeza ulaji, kikiwa kizito anapunguza. Kwahiyo ukijaza pumba ili gunia liwe rahisi, nguvu ikashuka mpaka 2,450, yule kuku wangu wa 312 hatakula 114 tena, atakula 127. Gunia umelinunua bei ndogo na limeisha mapema, na akifika mahali tumbo limejaa pumba kabla nguvu haijatimia ndo mayai yanapungua.

Na protini inamfuata ulaji. Gramu zilezile 17.5 angalia zinavyobadilika sura:

Makambako mwezi wa saba, anakula 126: asilimia 13.9 inatosha.
Chanika mwezi wa saba, anakula 114: asilimia 15.3.
Chanika mwezi wa kwanza lile joto la kunyonga, kuku anahema mdomo wazi na kala 98 tu: asilimia 17.9.

Kuku mmoja huyo. Sasa we ulieambiwa 17 kila mahali, Makambako unamwaga soya kinyesini (utaijua kwa harufu, protini ya ziada inaishia kuwa amonia kwenye kinyesi, ukiinama bandani macho yanawasha), na Dar mwezi wa kwanza unamnyima.

Udhaifu wa fomula niseme pia. Joto likipita kama 30 inaanza kudanganya. Yenyewe inasema joto likipanda mahitaji yanashuka tu, shuka, shuka, wakati kuku anayehema anatumia nguvu kujipoza na hamu ya kula imekwisha, kwahiyo anachokula kinakua chini ya anachohitaji. Kwa 30 fomula iliniambia 299, ye akala 98 za 2,730 yani 267. Pengo la 32 kila siku, analitoa mwilini mwake, ndo unaona kuku wanapungua uzito mwezi wa pili. Hapo niliweka mafuta ya kula kilo 2 kwa kila mia nikatoa mahindi kilo 2, nguvu ikapanda mpaka karibu 2,840, na chakula nikawa nakiweka saa kumi na moja alfajiri kabla jua halijawaka. Halikuziba pengo lote ila mayai yalisimama.

Na mizani lazima iwe ya kweli. Kupima kuku usichukue wale wanaokukimbilia mlangoni, hao ndo walafi, chukua kona zote kama 15 hivi. Chakula pima ulichoweka toa kilichobaki asubuhi, na vyombo visijazwe zaidi ya nusu maana wanachota na kumwaga, alafu unakuja kulaumu fomula kumbe unalisha panya.

HAPA WENGI WANAPIGWA: CHOKAA

Ukishajua asilimia unayoitaka unaenda kuchanganya, na wengi wetu tunatumia ule mraba wa Pearson. Mahindi yana protini 9, mashudu ya soya 44, unataka 17. Unatoa kwa mshazari: 44 toa 17 ni 27 za mahindi, 17 toa 9 ni 8 za soya, jumla 35, yani mahindi 77 soya 23. Safi kabisa. Alafu mtu anachanganya hizo anafika kilo 90, anaongezea kilo 10 za chokaa, DCP (unga wa kalsiamu na fosforasi), chumvi na primiksi (vitamini na madini), anajua ana 17.

Hana. Chokaa haina protini hata chembe. Ana 15.3. Nilikua nafanya hivi mwaka mzima na hakuna aliyeniambia.

Kama vitu visivyo na protini ni kilo 10 kwenye mia, basi zile 90 zibebe 17 yote, 17 gawa kwa 0.9 ni 18.9, hiyo ndo unaiweka katikati ya mraba. Inatoka mahindi kilo 64.5, soya 25.5. Hakiki: 64.5 mara 0.09 ni 5.8, 25.5 mara 0.44 ni 11.2, jumla 17. Nguvu nayo, mahindi 3,350 na soya 2,230 kwa kilo, inakuja kama 2,730. Ndo ile karatasi niliyompa shemeji.

Ila mraba unaona kitu kimoja tu, protini kwa jumla. Haujui kuna asidi amino, zile zinazojenga protini, kama methionini, ambayo kwenye mahindi na soya ndo inaisha kwanza kwa kuku, wala laisini ambayo mashudu ya alizeti yana kidogo. Unaweza kupata 17 safi kwa alizeti na damu na kuku akadumaa. Soya nzima isiyochomwa pia mraba utaipokea tu, wakati kuku hawezi kuimeng'enya vizuri.

NJIA YA TATU: KOMPYUTA

Excel ile yenye Solver, au programu za kutengenezea fomula za chakula. Unaweka vyakula vyako, bei zake, na mahitaji yote mpaka methionini na kalsiamu, inakutafutia mchanganyiko rahisi kuliko wote. Mahindi yakipanda bei leo, kesho inakuambia punguza hiki ongeza kile. Hii fomula na mraba haviwezi, na kwa mtu anayechanganya tani kila wiki hiyo tofauti ya bei ni pesa ya maana.

Kasoro yake, kompyuta inaamini kila unachoiambia. Jedwali la Ulaya linasema mashudu ya alizeti yaliyomenywa protini 35, we unaandika 35, wakati yako umeyatoa mashine ndogo Singida maganda yote yamo, ni 24. Ukiweka kilo 20 kwenye mia umepoteza pointi 2.2 za protini, 17 imekua 14.8 na kwenye skrini kila kitu ni kijani. Dagaa ndo usiseme, wanauzwa kama asilimia 55 na robo ni mchanga, loweka kiganja kimoja kwenye glasi uone kinachokaa chini. Kwahiyo kompyuta bila vipimo vya maabara vya mzigo wako mwenyewe ni jedwali tu lililovaa suti. Kama huna maabara, Feedipedia ipo bure mtandaoni na inaonyesha chakula kimoja kinavyotofautiana kutoka chini mpaka juu, chukua namba za chini.

SASA UCHAGUE IPI

Kuku chini ya mia, unanunua chakula cha tayari: kaa na jedwali, usijisumbue na vipeuo. Ila mizani ya jikoni nunua, pima trei kila wiki na kilo wanazokula kila siku. Yai likipungua ukubwa huku idadi ipo, mi kwanza nashuku protini au methionini. Idadi ikishuka na kuku wamekonda kifua, nguvu. Ganda likilegea hiyo ni kalsiamu, kesi nyingine.

Kuku 200 mpaka elfu moja hivi na unachanganya mwenyewe: fomula, bila ubishi. Ni bure, inataka themomita, mizani na dakika kumi kwa mwezi, na ndo pekee kati ya hizi tatu inayojua unakaa Makambako au Chanika. Kompyuta haijui hilo mpaka uiambie, na utaiambia kwa kutumia fomula.

Ukivuka hapo, au unauzia na wenzio chakula: kompyuta juu ya fomula, na bajeti ya maabara kila ukibadilisha mtu anayekuuzia mashudu.

Wale wadogo wanaoanza kutaga, wiki ya 20 mpaka 28, hata ukiwa mtu wa jedwali fanya hesabu mara moja. Kuku wa kilo 1.6, joto 28, anaongezeka gramu 5 kwa siku na ana gramu 40 za yai, anataka kama 279. Kwa 2,730 inabidi ale 102, na umri ule wengi hawafiki 102. Ndo maana wanapewa chakula kizito zaidi kipindi kile, ukidhani duka linatafuta biashara tu sio kweli, hapo wana haki.

Broila usimletee fomula hii, ni ya kuku anayetaga. Ye anakua kila siku, mahitaji ya Jumatatu sio ya Ijumaa. Kwake jedwali ndo linashinda, lile la mbegu yenyewe, Cobb au Ross, unaanzia protini 22 au 23 unashuka mpaka 19 hivi mwishoni huku nguvu inapanda kutoka kama 3,000 kwenda 3,150, na kila wiki unapima uzito unalinganisha. Kienyeji wa kuzurura hakuna njia kati ya tatu inayomfaa maana hujui anachookota, ukichinja jioni pasua gole (kile kifuko cha chakula shingoni) uangalie: ukikuta punje tupu mpe protini, ukikuta wadudu na majani mpe mahindi kidogo.

Shemeji, baada ya kukubali kwamba ni baridi, akataka kukata protini mara moja mpaka 14. Nikamzuia, kwasababu ukitoa soya ukaweka mahindi nguvu nayo inapanda, kuku anakula kidogo zaidi, na zile gramu zinapungua tena, inabidi uhesabu mara ya pili. Tulitua kwenye 14.5: mahindi 71.7, soya 18.3, zilizobaki 10 zilezile na methionini na laisini juu kidogo. Nguvu ikaja 2,810, ulaji 122, protini 17.7 kwa kuku. Soya imepungua kilo 7 kwa kila mia, na mahindi kwao ndo kwao. Akashusha na maturubai usiku, themomita ikapanda nyuzi mbili. Kijana yupo, ila sasa hivi ndo anaidai mizani mpya.